Meza ya Kufanyia Kazi Nyumbani: Igeuze Kwanza Utazame Miguu

Baada ya Ramadhani ya 2021 wasomaji walianza kunitumia picha za namna moja. Si picha ya meza nzima, ni ya mguu wa meza pale unapogusa sakafu. Ubao umefura, karatasi ya nje imepasuka na kujikunja, na ndani unamwagika unga wa mbao. Meza zenyewe nyingi zilikuwa hazijatimiza hata mwaka na nusu. Zilinunuliwa mwaka 2020, wakati maofisi yalipofungwa kwa ajili ya korona, watu wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, na kila mtu akakimbilia duka lililobakisha meza. Mwalimu mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, ameniandikia kwamba meza yake ilianza kuyumba upande mmoja, akadhani ni skrubu zimelegea. Alipoilaza akakuta mguu umelainika kiasi cha kuingia kidole.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini, sakafuni. Rangi, idadi ya droo na tundu la kupitisha nyaya sitavigusa. Hivyo muuzaji atakuonyesha mwenyewe hata usipomuuliza. Kimo nakitaja mara moja tu: meza ya kawaida ina sentimita 72 hadi 75, na kama wewe ni mfupi mwambie fundi akukatie 70. Linaloniuma ni jambo ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja, nalo ndilo linaloziua meza za Mombasa: maji ya kupigia deki.

Nyumba zetu hupigwa deki kila siku, nyingine asubuhi na jioni. Ndoo inamwagwa, sabuni inatiwa, maji yanasukumwa kwa fagio mpaka mlangoni, na kila mguu wa kila samani humo ndani unakaa majini dakika kadhaa. Meza ya kiwandani imebuniwa na mtu aliyekuwa akifikiria sakafu kavu. Ubao wake ni chipbodi, yaani vipande vya mbao vilivyosagwa, vikachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa joto. Gundi inayotumiwa zaidi kwa ubao wa bei ya chini ni ya urea na fomaldehaidi, na hiyo haistahimili maji. Uso wa ubao umefunikwa karatasi ya melamini, kwa hiyo ukimwagikiwa na chai juu ya meza unafuta na mambo yamekwisha. Lakini ukingo wa chini wa mguu, kwa kuwa hauonekani, mara nyingi huachwa uchi. Maji yanaingia hapo na ubao unafura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Hata ukikauka haurudi unene wake wa kwanza, kwa sababu zile chembe zimekwisha kuachana. Ndiyo maana kuupaka rangi baada ya kufura hakusaidii kitu.

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ni ile ile hadithi, ila unga wake ni laini zaidi. Iko MDF ya kustahimili unyevu, ambayo viwanda vingi huitia rangi ya kijani katikati ili itambulikane. Ukiiona hiyo kwenye ukingo uliokatwa, heshimu. Lakini nayo haikutengenezwa isimame majini.

Jaribio ni hili, na ulifanye dukani kabla hujatoa pesa. Mwombe muuzaji mlaze meza. Pitisha kidole chini ya mguu. Ukihisi chembechembe zinazokwaruza, ubao uko uchi. Ukiona vitako vidogo vya plastiki vimepigiliwa kwa msumari mmoja, ujue bado. Vingi vina unene wa milimita chache tu, maji ya deki yanavipita, na ubao ukishalainika msumari unachomoka wenyewe. Mguu unaofaa unaiacha mbao angalau sentimita mbili juu ya sakafu, ukisimamia kitu kisichokunywa maji. Muuzaji akikataa kuilaza meza, amekwisha kukujibu.

Wengi walisema hatuna nafasi ya kuchagua, vitu vyenyewe havipo. Ilikuwa kweli na sababu zake zinajulikana. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaendelea kuongezwa miaka iliyofuata. Mbao za paini na sipresi zilizokuwa zikishuka kutoka bara zilipungua, na sehemu kubwa ya paini tuliyoiona mafundi wakiiranda ilitoka Tanzania, kwenye mashamba ya miti kama yale ya Sao Hill huko Mufindi. Juu ya hayo ikaja korona, makontena yakaadimika, nauli za meli kutoka China zikapanda mno. Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez karibu wiki nzima. Mwishoni mwa Mei bandari ya Yantian kule Shenzhen, inayohudumia viwanda vya Guangdong, ikapunguza kazi wiki kadhaa kwa sababu ya korona, na Guangdong ndiko kwenye Foshan, mji wa samani. Uhaba ulikuwapo. Ninachokataa ni kuufanya uhaba kuwa sababu ya kununua mguu utakaooza kabla ya masika mengine.

Sasa nipange chaguo, kutoka lile ninalolipenda.

Ya kwanza: ubao wa RaiPly juu ya miguu ya chuma

Nasema wazi kwamba naipenda RaiPly ya Eldoret, na hakuna aliyenilipa kusema hivyo. Ninaizungumzia blokibodi yao, si chipbodi. Ndani ya blokibodi mna vipande vya mbao halisi vilivyopangwa bega kwa bega, na juu na chini vimefunikwa venia, yaani tabaka nyembamba za mbao. Skrubu inashika, ubao haupindi ovyo, na ukipata maji kidogo ukakauka bado ni ubao. Uzuri au ubaya wa blokibodi uko pale usipoona: vile vipande vya ndani vikiwa vimepangwa kwa haraka, katikati hubaki mapengo, na skrubu ikiangukia kwenye pengo haina cha kushika. Utazame ukingo wa ubao kabla hujakatwa, pande zote nne. Ninazo mbao za RaiPly ambazo zimekatwa mbele yangu na mapengo yalikuwa haba. Zile zisizo na jina, zinazouzwa kwa kupunguza mia mbili mia tatu, nimeona nyingine zina uwazi wa kuingia dole gumba. Muulize mwenye hadiwea jina la kiwanda, na akijibu tu kwamba "zote ni sawa", nenda kwa jirani yake.

Ubao mzima ni futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122. Gawa kati kwa urefu, gawa kati kwa upana, unapata meza nne za sentimita 120 kwa 60, na bado kuna nafasi ya kile kinacholiwa na msumeno. Hapa ndipo ninapowahimiza majirani washirikiane. Watu wanne wa ghorofa moja wakinunua ubao mmoja, kila mmoja anapata juu ya meza kwa robo ya bei. Chukua unene wa milimita 18. Kata dukani kwenye mashine, usiruhusu msumeno wa mkono, kwa sababu unararua venia. Kingo zote zifungwe kwa ukanda wa mbao uliogundishwa. Kisha vanishi mara tatu, juu na chini. Chini pia, tafadhali. Mafundi wengi hupaka upande unaoonekana tu, na kwa hewa hii ya bahari ubao unavuta unyevu upande mmoja mpaka unapinda.

Miguu peleka kwa mchomeleaji. Bomba la mraba la inchi moja na nusu linatosha, pamoja na fremu inayozunguka chini ya ubao ili ubao usilegee katikati. Na hapa narudi kwenye jambo langu, maana chuma nacho kina ugonjwa wake wa miguuni. Mchomeleaji akishakata bomba huliacha chini wazi. Maji ya deki yanapanda ndani, na kwa chumvi ya hewa ya pwani mguu unaliwa na kutu kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Unakuja kugundua siku unapovuta meza na kipande cha mguu kinabaki sakafuni. Mwambie azibe kila bomba kwa kipande cha bati nene, na kabla ya kuziba atoboe kipande hicho na kukichomelea nati. Ndani ya nati ingiza bolti, kichwa kikitazama chini. Bolti hiyo inakufanyia kazi mbili: inainua mguu sentimita mbili juu ya maji, na inakusawazishia meza kwenye sakafu zetu zisizo sawa. Kichwa cha bolti kivishe kifuniko cha raba ili kisikwaruze vigae. Rangi ianze na ile nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo uje na rangi unayoitaka. Kazi ya nati na bolti haimchukui fundi hata nusu saa, na sijaona meza hata moja ya dukani iliyofanyiwa.

Kama kwenu kuna kiunzi cha cherehani ya zamani ya kukanyaga, ile ya chuma cha kusubu, usikiuze kwa wanunuzi wa skrepa. Ondoa mashine, weka ubao wako juu. Chuma hicho ni kizito na kimestahimili maji ya deki ya bibi zetu.

Ya pili: meza ya mwarobaini

Mwarobaini tunao. Umejaa Kilifi, umejaa Malindi, unamea mashambani na viwanjani, na hauhitaji kusubiri lori la kutoka Mau wala meli ya kutoka China. Mbao yake ni nyekundu nyekundu, ngumu kiasi, na uchungu wake unawafukuza wadudu. Wachongaji wetu wameutumia miaka mingi. Sielewi kwa nini mtu wa Mtwapa anaagiza meza ya karatasi kutoka Nairobi wakati mti umesimama nyuma ya nyumba yake.

Shida yake ni haraka. Maagizo yaliongezeka tangu 2020, na mbao ikawa inapasuliwa wiki hii na kurandwa wiki inayofuata. Mwarobaini mbichi unapinda na kupasuka vichwani. Inyanyue mbao kwa mkono. Ikiwa nzito kupita umbo lake na ina harufu kali, bado ina maji. Afadhali ulipie kidogo ukaiachie fundi ikae kivulini, imetengwa kwa vijiti ili hewa ipite, kuliko kuchukua meza ambayo droo yake itakwama kabla ya Desemba.

Na miguu? Mbao halisi haifuri kama chipbodi, lakini inakunywa maji kupitia kichwa chake, pale ilipokatwa, zaidi sana kuliko ubavuni. Fundi hupaka vanishi pande nne za mguu akasahau upande wa tano, ule wa chini, ambao ndio unaokanyaga maji. Dawa yake ni rahisi. Tia vanishi kwenye vifuniko vinne vya kopo, simamisha kila mguu ndani ya kifuniko, uache usiku kucha unywe unachotaka. Asubuhi kausha, kisha pigilia kitako cha raba nene. Fanya hivyo kabla meza haijaingia ndani ya nyumba, kwa sababu ikishaingia na kuwekewa kompyuta hutaigeuza tena.

Mwembe ni rahisi zaidi na mafundi wengi watakushawishi. Mbao yake ni nzuri kwa macho, lakini dumuzi anaipenda kupita kiasi. Ukiukubali, hakikisha umetiwa dawa. Mvule ukiupata wa zamani, mlango au kitanda kilichovunjwa, chukua bila kuuliza mara mbili. Mpya ni adimu na bei yake haisemeki.

Ya tatu: meza ya zamani ya ofisi

Wakati wa korona biashara zilifungwa, maofisi yakarudisha vyumba kwa wenye nyumba, na minada ikauza samani. Meza za ofisi za zamani, zile za fremu ya chuma na droo tatu upande wa kulia, zilijengwa kwa ajili ya kudumu. Zigeuze kama kawaida, tazama kutu ndani ya bomba, gonga kwa ufunguo ukisikiliza: pakitoa sauti ya kufa, pameliwa. Tatizo la mnada ni kwamba huuza kwa fungu. Unataka meza moja, unaambiwa chukua sita na makabati. Tena hapo ndipo majirani wanapohitajiana.

Ya nne: meza ya dukani yenye miguu ya chuma

Inakubalika. Juu ni chipbodi, lakini juu haipigwi deki. Kagua kingo zimefungwa zote na chini ya bomba pamezibwa. Ukishindwa kungoja fundi, nunua hii.

Ya mwisho: meza ya chipbodi ya miguu mipana ya ubao

Hii ndiyo ile ya kwenye picha mnazonitumia. Bei yake ni ya kuvutia na ndiyo inayojaa madukani. Siipendekezi kwa nyumba inayopigwa deki. Meza ya plastiki ya Kenpoly, kama una haja ya leo na huna pesa, itakuvusha kuliko hii, maana plastiki haijali maji.

Kwa waliokwisha kuinunua: msiitupe. Kata sehemu yote iliyofura mpaka ufikie ubao mgumu na mkavu, ukikata miguu yote kwa kipimo kimoja. Paka ukingo mpya gundi ya mbao, iache ikauke, paka tena. Kisha ivishe kila mguu ukanda wa alumini wenye umbo la U, ule unaouzwa na wenye kutengeneza madirisha, na chini yake weka vipande vya plastiki ngumu kurudisha kimo. Mwalimu wa Kisauni nimemshauri hivyo hivyo.

Neno kuhusu kiti

Kiti ni mada yake nyingine, kwa hiyo nasema machache. Usinunue cha ngozi ya bandia. Joto na unyevu wa pwani huibambua, kuanzia pale panapogusana na mapaja, na mwisho unakaa juu ya kitambaa chenye magamba meusi yanayoshika nguoni. Chukua cha wavu mgongoni na kitambaa makalioni. Kipandishe juu kabisa, ukikalie wakati unapiga bei na muuzaji. Kikishuka polepole chenyewe, silinda ya gesi imekwisha. Msingi uwe na mikono mitano, na kama unaweza kupata wa chuma kuliko wa plastiki, lipia hiyo tofauti.

Sasa niseme la moyoni kuhusu bei

Sikuandika bei hapa kwa sababu zinabadilishwa kila wiki, na nyingine hubadilishwa ukiwa umesimama pale pale dukani. Ila mambo mawili yananikera na nitayasema.

La kwanza ni safari ya kontena. Meli inatia nanga Kilindini. Sisi tunaiona kutoka Likoni tukiwa kwenye feri. Lakini mwaka 2021 kontena lilipakiwa kwenye reli ya SGR, likaenda kutolewa ushuru Embakasi, Nairobi, samani zikaingia ghala la huko huko, halafu meza moja ikarudishwa Mombasa kwa lori na mimi nikatozwa "usafiri kutoka Nairobi". Kitu kilipita mlangoni kwangu, kikaenda na kurudi karibu kilomita elfu moja, na gharama ikawa yangu. Wenye maduka wa hapa waliozoea kutoa mizigo yao wenyewe bandarini walibanwa, na wengine walifunga. Muuzaji anapokwambia meza ni ghali kwa sababu ya usafiri, muulize usafiri wa kutoka wapi mpaka wapi.

La pili ni ushuru wa VAT, yaani ule wa ongezeko la thamani. Aprili 2020 ulishushwa kutoka asilimia 16 mpaka 14, ili mwananchi apumue. Wauzaji wa samani waliopunguza bei nilioona mimi ni wachache mno. Januari 2021 uliporudishwa 16, vibandiko vipya vilibandikwa siku hiyo hiyo. Na mpaka Julai 2021 walikuwapo walioendelea kusema mzigo umechelewa kwa ajili ya meli iliyokwama Suez, ilhali meli hiyo ilinasuliwa tarehe 29 Machi. Sisemi kila muuzaji ni mwongo. Nasema mteja ana haki ya kuambiwa mzigo uko wapi, kwa jina la meli au namba ya kontena, kabla ya kuombwa amana ya nusu bei.

Idd inapokaribia, kama mnavyojua, mafundi huacha kila kitu wakaingia kwenye makochi na vitanda vya sikukuu. Anayetaka meza kwa utulivu aagize mapema au angoje Idd ipite. Usilipe zaidi ya bei ya vifaa mwanzoni. Ufundi unalipwa kazi ikiisha. Na kwenye risiti, kwa mwandiko wa fundi mwenyewe, yaandikwe haya: aina ya ubao na kiwanda chake, unene, vanishi pande zote mbili, chini ya miguu pamezibwa, bolti nne za kuinulia. Fundi atakayekataa kuandika, mwachie kazi yake. Kuanzia Bamburi mpaka Mtwapa wamejaa kando ya barabara, na atakayekubali yupo.